Risasi: Kutoka Baraza za Brisbane hadi Owino Uhuru

Anayetaka kujua madini ya risasi yalivyoingia kwenye ubongo wa mtoto aanzie Brisbane, Australia, mwishoni mwa karne ya 19. Nyumba za huko zilikuwa za mbao, zenye baraza pana zilizozungushiwa kingo za mbao zilizopakwa rangi yenye risasi. Jua la jimbo lao la Queensland likaifanya rangi ile kuwa unga. Daktari wa macho J. Lockhart Gibson, aliyekuwa akipokea watoto waliopooza viungo na kupoteza uwezo wa kuona, aliandika wazi mwaka 1904: tatizo ni rangi. Mtoto hushika ukingo, kisha hunyonya vidole.

Queensland ilipiga marufuku rangi hiyo mahali wanapofika watoto mwaka 1922. Marekani ilingoja hadi 1978. Huko huko Marekani, mwaka 1921, Thomas Midgley wa General Motors aligundua kwamba petroli ikitiwa risasi injini haigongi. Mwaka 1924 wafanyakazi wa kiwanda kimoja cha kutengeneza risasi hiyo ya petroli huko New Jersey walirukwa na akili, baadhi wakafa. Biashara ilisimama kwa muda tu, kisha ikaendelea.

Kituo kinachonivutia zaidi ni Chelsea na Somerville, vitongoji vya Boston. Risasi haikai kwenye damu muda mrefu, lakini mfupa na jino huihifadhi. Basi daktari Herbert Needleman akawaomba watoto wa madarasa ya chini meno yao ya utotoni yaliyong'oka, akapata zaidi ya 2,000. Walimu, bila kujua jino la nani lina nini, waliulizwa: nani hushindwa kufuata maagizo, nani hutekwa na mawazo darasani? Majibu yalitoka mwaka 1979. Kadiri risasi ilivyozidi kwenye jino, ndivyo malalamiko ya mwalimu yalivyozidi, na alama za vipimo vya akili zilikuwa chini. Watoto waliopimwa hawakuwa na dalili za wazi za sumu. Needleman baadaye alishtakiwa kwamba alipika takwimu, na chuo chake kikamwondolea tuhuma hizo.

Mwili huidhania risasi kuwa kalsiamu, ukaipitisha hadi kwenye ubongo unaojengwa. Mtoto aliyekosa chuma na kalsiamu katika chakula huifyonza zaidi, ndiyo maana umaskini na sumu hii hukaa nyumba moja.

Njia hii ya risasi inafika kwetu pia. Petroli yenye risasi iliondoka Afrika kusini mwa Sahara mwaka 2006, lakini huko Owino Uhuru, Mombasa, kiwanda kilikuwa kikiyeyusha betri kuukuu kando ya makazi ya watu. Phyllis Omido aliyefanya kazi humo alikuta mwanawe ana risasi mwilini, akaanza kupiga kelele. Mwaka 2020 mahakama iliamuru wakazi walipwe Sh1.3 bilioni. Watoto waliozaliwa wakati moshi ule ukifuka sasa ni vijana, na madhara ya risasi kwenye ubongo hayana dawa ya kuyarudisha nyuma.