Barbara McClintock na ncha za kromozomu za mahindi

Bandugu, sisi wenye tulisoma agronomia tumezoea kusema jenetiki inaomba maabara ya pesa mingi. Barbara McClintock, Mmarekani aliyezaliwa mwaka 1902, alifanya kazi yake na shamba la mahindi na mikroskopu, basi.

Alipata udaktari ku Cornell mwaka 1927. Baadaye, ku chuo kikuu cha Missouri, alitazama kromozomu zenye zilivunjwa na miale ya X. Aliona ncha iliyovunjika inashikamana na ncha ingine iliyovunjika. Seli ikigawanyika, zinavutwa huku na huku, zinakatika tena, zinashikamana tena. Ni vile tu. Lakini ncha ya asili, ile Hermann Muller aliita telomeri mwaka 1938, haishikamani na kitu.

Sasa sikieni. Ndani ya akiba ya chakula ya punje, kule kukatika kuliendelea, na punje ilitoka na madoadoa ya rangi. Ndani ya kiini cha mbegu, ncha ilipona! Aliandika hivyo mwaka 1941. Nini ilikuwa inaiponyesha? Paka mwaka 1984 ndipo Carol Greider na Elizabeth Blackburn walipata telomerasi, enzimu yenye kujenga ncha, katika kadudu ka maji, Tetrahymena.

Yeye McClintock alipewa Nobeli peke yake mwaka 1983, akiwa na miaka 81, juu ya jeni zenye kuhama. Alizigundua akifuata mahindi yale yale ya kromozomu zilizovunjika.