Mashine na Sufuria: Historia ya Chakula cha Mgonjwa Anayesafishwa Damu

Leo tunazungumza juu ya chakula cha mtu anayesafishwa damu kwa mashine, yaani dayalisisi.

Huenda umesikia maneno mawili yanayopingana. Jirani anakwambia mgonjwa wa figo asiguse nyama wala yai. Hospitalini unaambiwa umpe yai. Umsikilize nani? Ili tupate jibu, turudi nyuma kidogo.

Tukila nyama, mayai, samaki au maharagwe, mwili huchukua protini na kubakiza taka iitwayo yurea. Figo huitoa taka hiyo kwa mkojo. Figo zikishindwa, taka hubaki ndani ya damu. Mgonjwa hutapika, hukosa hamu ya kula, na mwishowe hupoteza fahamu.

Mwaka 1943, wakati wa Vita Vikuu vya Pili, daktari Willem Kolff wa Uholanzi alitengeneza mashine ya kusafisha damu. Alitumia mirija myembamba ya kufungia soseji, akaizungusha kwenye pipa lililolala ndani ya maji ya chumvi. Wagonjwa wake wa mwanzo walifariki karibu wote. Mwaka 1945 mama mmoja wa miaka 67 aliyekuwa amezimia aliamka, akapona. Lakini kila mara daktari alihitaji kukata mshipa mwingine, kwa hiyo mashine haikumfaa mtu ambaye figo zake hazitarudi tena.

Mwaka 1960, huko Seattle, Marekani, daktari Belding Scribner aliacha mrija mdogo kwenye mkono wa mgonjwa ili utumike tena na tena. Mgonjwa huyo, Clyde Shields, aliishi zaidi ya miaka 11 baadaye.

Hata hivyo mashine zilikuwa chache. Wagonjwa wengi walibaki na dawa moja tu: jikoni. Mwaka 1964 madaktari Giovannetti na Maggiore wa Italia walieleza chakula chenye protini kidogo sana. Kutapika kulipungua, ingawa figo hazikupona. Kwa hiyo onyo la jirani yako lina asili yake. Hata leo daktari anaweza kumwambia mgonjwa ambaye hajaanza mashine apunguze protini.

Mgonjwa akishaanza mashine, mambo hubadilika. Mashine hutoa taka, lakini huondoa pia sehemu ya protini. Akinyimwa yai na nyama hukonda, hukosa nguvu, na vidonda huchelewa kupona. Ndiyo maana hospitali inakwambia umpe yai, samaki, kuku au nyama isiyo na mafuta, kwa kipimo anachopewa.

Sasa tuje kwetu. Zamani mgonjwa wa Kisii au Nyamira alilazimika kusafiri mbali kutafuta mashine. Mwaka 2015 serikali ya Kenya ilianzisha mpango wa vifaa vya hospitali za kaunti, vikiwemo vya kusafisha damu. Leo Hospitali ya Mafunzo na Rufaa ya Kisii ina kitengo cha figo. Safari imekuwa fupi, lakini kazi yako haijaisha. Wengi husafishwa damu mara mbili kwa wiki, karibu saa nne kila mara. Hizo ni saa 8 tu, na wiki ina saa 168. Saa nyingine 160 zinategemea anachokula na kunywa nyumbani.

Hapa ndipo shamba letu linapohitaji uangalifu. Ndizi, parachichi, viazi, maharagwe, sagaa na managu ni vyakula vizuri kwa mtu mzima wa afya, lakini vina potasiamu nyingi. Figo zikishindwa kuitoa, potasiamu huzidi katika damu na inaweza kusimamisha moyo ghafla. Mama anampa mgonjwa sahani ya matoke kwa upendo, kumbe anamhatarisha.

Bibi zetu huchemsha sagaa na kumwaga maji ili kuondoa uchungu. Desturi hiyo inasaidia, kwani maji huondoka na sehemu ya potasiamu. Fanya vivyo hivyo kwa viazi na ndizi mbichi: menya, kata vipande vidogo, chemsha katika maji mengi, mwaga, kisha upike kwa maji mapya. Hata hivyo potasiamu haiishi yote, basi pakua kidogo. Ugali wa mahindi, wali na kabichi vina potasiamu kidogo zaidi.

Mambo ya kukumbuka:

1. Usimnyime protini aliye kwenye mashine. Uliza kipimo chake.
2. Punguza chumvi. Usitumie chumvi mbadala wala maji ya majivu kupikia, vina potasiamu.
3. Chai, uji na supu huhesabiwa kuwa maji. Pima kwa kikombe, kwani maji yakizidi humvimbisha na kumkosesha pumzi.
4. Soda nyeusi na nyama za kopo zina fosforasi, ambayo huleta mwasho na kudhoofisha mifupa.
5. Asikose siku yake ya mashine. Miguu ikilegea ghafla au moyo ukienda ovyo, mpeleke hospitali mara moja.

Mtaalamu wa lishe atakupangia chakula kulingana na vipimo vya damu ya mgonjwa wako. Siku ya kliniki, nenda naye, ukamweleze yote unayopika.