Wazazi, Waganga na Maradhi ya Fenilketonuria

Habari za maradhi ya kurithi huandikwa mara nyingi kana kwamba ni habari za waganga peke yao: fulani aligundua, fulani akatibu. Lakini katika habari za maradhi yaitwayo fenilketonuria, mama ndiye aliyeanza kutafuta, na mama ndiye aliyetwishwa sehemu kubwa ya tiba. Waswahili husema, Uchungu wa mwana aujuaye ni mzazi. Na hapa uchungu huo ndio ulioifungulia elimu mlango.

Maradhi haya ni nadra. Huko Ulaya humpata mtoto mmoja hivi katika watoto 10,000. Kasoro yake hurithiwa kwa baba na kwa mama pamoja, nao wazazi wenyewe huwa wazima. Ini la mtoto hushindwa kuigeuza fenilalanini, iliyomo katika nyama, maziwa, mayai na kila chakula chenye protini. Nayo hujaa katika damu na kuudhuru ubongo. Mtoto huzaliwa akionekana mzima, kisha akili hudumaa kadiri miezi ipitavyo.

Bibi Borgny Egeland wa Norway alikuwa na watoto wawili wa namna hiyo, Liv na Dag. Aliwaendea waganga wengi asipate jibu. Mwenyewe alitambua kuwa watoto wake walikuwa na harufu isiyo ya kawaida, naye hakuacha kuuliza sababu yake. Mwaka 1934 habari zake zilimfikia Daktari Asbjørn Følling wa Oslo, aliyekuwa amesoma kemia pia. Daktari alipotia kloridi ya chuma katika mkojo wa watoto, rangi ya kijani ilitokea, jambo ambalo hakulitazamia. Akamwomba mama aache kuwapa dawa zote kwa muda, kisha alete mkojo mwingine. Na mama akauleta, tena na tena, mpaka ikajulikana kuwa ndani yake mlikuwamo asidi ya fenilpiruviki. Følling alitangaza ugunduzi wake mwaka uo huo. Sasa mama alijua jina la adui, lakini silaha haikuwapo. Dag alifariki angali mdogo.

Wazazi wengine walibaki gizani. Mwandishi wa Marekani, Bibi Pearl Buck, alimzaa binti yake mwaka 1920 alipokuwa akikaa China, na kwa miaka mingi hakutaka habari zake zijulikane. Fedha za kumtunza mtoto huyo zilikuwa sababu mojawapo ya kuandika kitabu cha The Good Earth, kilichotoka mwaka 1931. Mwaka 1950 ndipo alipoandika waziwazi juu ya mtoto wake, na wazazi wengi waliokuwa wameficha watoto wao wakajiona hawako peke yao.

Tiba ilianzia Birmingham, Uingereza. Mama mmoja aliyekuwa na binti wa miaka miwili alimsubiri Daktari Horst Bickel asubuhi kwa asubuhi, akitaka atafutiwe dawa. Mwaka 1951 Bickel na wenzake walitengeneza chakula kilichopunguzwa fenilalanini. Mtoto akaanza kutambaa na kusimama, na kilio chake kikapungua. Ili kuhakikisha kuwa chakula ndicho kilichofanya kazi, waganga walirudisha fenilalanini bila ya kumwambia mama. Naye akamwona mtoto akirudi nyuma mbele ya macho yake, asijue kwa nini. Baadaye walimweleza, wakalirudia jaribio kwa ridhaa yake. Habari zilichapishwa mwaka 1953. Hapana shaka jaribio hilo liliwafaa watoto wengi. Lakini gharama yake ililipwa na mtoto, na na mama ambaye hakuulizwa.

Katika miaka ya 1960 kipimo cha Daktari Robert Guthrie, cha tone la damu kutoka kisigino cha mtoto mchanga, kilieneza tiba hii. Tangu hapo dawa ikahamia jikoni. Mlezi hupima kila tonge, huchanganya unga wa dawa wenye ladha mbaya, humnyima mtoto chakula wanachokula ndugu zake, na huhofu kila karamu. Siku hizi waganga husisitiza kuwa mwiko huo udumu maisha yote. Dawa ya sapropterini, iliyoruhusiwa Marekani mwaka 2007, huwafaa baadhi yao tu.

Kwa muda mrefu mafanikio ya tiba yalipimwa kwa akili ya mtoto. Usingizi wa mlezi, kazi aliyoiacha na upweke wake havikutiwa katika hesabu, ingawa bila yeye chakula kile kisingalifika kinywani. Na katika nchi nyingi za Afrika kipimo cha Guthrie bado hakifanyiwi kila mtoto mchanga. Huko mama mwenye mtoto kama Liv au Dag yungali mahali alipokuwa Bibi Egeland kabla ya 1934: huona, huuliza, na hungoja mganga atakayemsikiliza.