Petroli katika udongo wa Bujumbura

Petroli iliifikia Bujumbura kupitia Ziwa Tanganyika. Mji ulianza mwaka 1897 kama kambi ya jeshi la Wajerumani, ukiitwa Usumbura. Reli ya kutoka Dar es Salaam ilipofika Kigoma mwaka 1914, mizigo ya pwani ikavushwa kwa meli hadi Usumbura. Wakati wa Wabelgiji bandari ikapanuka, na viwanda vikajengwa tambarare karibu na ziwa. Gereji zikashamiri Buyenzi, mtaa wa Waswahili uliopakana na mto Ntahangwa, na mto huo humwaga maji yake ziwani.

Mafuta yanayomwagika gerejini si ya aina moja. Petroli na tina ni nyepesi: hugeuka mvuke zenyewe na kujaa katika vinyweleo vya udongo, pamoja na benzini inayosababisha saratani ya damu. Oili chafu ya injini ni nzito na hubaki pale ilipomwagwa.

Kwa uchafu mwepesi ipo njia isiyohitaji kuchimbua udongo. Mwaka 1982 tangi la kiwanda cha dawa huko Barceloneta, Puerto Rico, lilivuja kaboni tetrakloridi. Mabomba yenye matundu yalizamishwa ardhini, pampu zikavuta hewa, na mvuke wa sumu ukatoka nayo. Njia hiyo ikaenea Marekani, hasa penye vituo vya mafuta. Hewa inayotolewa hupitishwa kwenye mkaa maalumu unaonasa kemikali.

Bujumbura ina ugumu wake. Mji umekalia mashapo ya bonde la Rusizi, mchanga na mfinyanzi kwa matabaka. Mchanga hupitisha hewa, mfinyanzi huizuia. Ziwa nalo hupanda na kushuka: lilifurika mwaka 1964, na tena mwaka 2024. Vinyweleo vikijaa maji, hewa haina pa kupita na pampu huvuta maji matupu. Kwa hiyo shughuli za mafuta ziliwekwa pale ambapo kusafisha ni kugumu, ingawa palikuwa rahisi kwa kupakua meli. Mahali kama hapo maji ya ardhini hushushwa kwanza. Oili nzito huachiwa bakteria wanaopulizwa hewa, au udongo wake huchimbwa.

Kuhusu nani alipe, Mkataba wa Ziwa Tanganyika, uliotiwa saini Dar es Salaam mwaka 2003 na Burundi, Kongo, Tanzania na Zambia, unamtaka anayechafua alipe gharama.