Toboa kasha kwanza
Wasee, kabla uuze simu ndio ununue kasha la kompyuta lenye taa, skiza historia kidogo.

1998 Intel walitoa Celeron 300A. Prosesa ya bei nafuu, ya megahezi 300, lakini vijana wakagundua inaweza kusukumwa hadi 450. Shida ikawa joto. Makasha ya siku hizo yalikuwa mabati tu, matundu ya hewa machache. Basi wakashika drili na msumeno, wakakata tundu juu, wakafunga feni. Hewa moto hupanda, wao wakaifungulia mlango. Baadaye viwanda vikaanza kuuza makasha yenye tundu hilo tayari.

Sasa njoo Nairobi. Mashine nyingi tunazochukua tao ni za ofisi, zimetumika ng'ambo, na mbele karibu pamezibwa. Weka kadi kubwa ya grafiki humo, umewasha jiko. Tena tuko karibu mita 1,700 juu ya bahari. Hewa hapa ni nyepesi kwa kama asilimia 15, so feni ile ile inabeba joto kidogo. Baridi ya Julai inatudanganya.

Yangu ilikuwa inazima katikati ya kurenda video, na tangu niache chuo, video ndiyo rent. Nikapeleka kasha kwa fundi wa mageti Kangemi. Kasha tupu, please. Vumbi la chuma litapiga bodi shoti. Akacheka, akapima feni ya milimita 120, akakata, akapiga kingo tupa. Nyuzi 91 zikashuka hadi 76. Mathe bado anauliza nitarudi chuo lini.