Birkeland na Mikondo ya Umeme Angani

Wengi wetu tunaoishi Uingereza na Marekani tulitoka nje usiku wa Mei 10, 2024, kuangalia mbingu imegeuka kijani na waridi, jambo ambalo kwa kawaida halionekani ila kaskazini ya mbali. Simu zilikuwa hazipoi usiku ule.

Kisa cha mwanga huo kina mtu wake, naye ni Mnorwei Kristian Birkeland. Majira ya baridi ya 1899 alipanda na wenziwe mlima Haldde, kaskazini ya Norwei, wakakaa kileleni wakipima jinsi sumaku ya dunia inavyotikisika kila mwanga unapotokea. Mwanafunzi wake mmoja alifunikwa na poromoko la theluji, akafa. Hata hivyo hakuacha. Mwaka 1902 aliweka vituo vinne, kuanzia Iceland mpaka Novaya Zemlya. Alipolinganisha vipimo, aliona kuwa umeme unashuka kutoka mbali kwa kufuata mistari ya sumaku ya dunia, unapita juu ya ncha, kisha unapanda kurudi ulikotoka. Mjini Kristiania, ndiyo Oslo ya leo, alitundika tufe la sumaku ndani ya chombo kilichonyonywa hewa, akalirushia elektroni, nalo likawaka pete mbili za mwanga kuzunguka ncha zake.

Wakubwa wa elimu hiyo hawakumkubali. Mwingereza Sydney Chapman, aliyekuwa bingwa wa hisabati, alishikilia kuwa mikondo hiyo haitoki nje, bali inazunguka humo humo katika tabaka la juu la hewa. Tusimlaumu sana: kwa vipimo vya ardhini peke yake huwezi kuzitofautisha picha hizo mbili. Lakini neno lake ndilo lililotawala kwa miongo kadhaa. Birkeland mwenyewe alifia hotelini Tokyo Juni 15, 1917, akiwa na miaka 49, njiani kurudi kwao kutoka Misri.

Jibu lilitoka juu. Vyombo vya Warusi mwaka 1959 na vya Wamarekani mwaka 1962 viliukuta upepo wa jua wenyewe, elektroni na protoni zinazokwenda kiasi cha kilomita 400 kwa sekunde. Sumaku ya dunia huukinga. Upande wa mchana hubanwa, upande wa usiku huvutwa ikawa mkia mrefu. Ila upepo ukija na sumaku iliyoelekea kusini, huungana na hii yetu, na mlango hufunguka. Hapo mikondo hushusha nguvu yake mpaka ionosfia, kiasi cha kilomita 100 na zaidi juu ya vichwa vyetu. Elektroni zikigonga oksijeni, ndiyo ile kijani. Machi 1989 misukosuko ya namna hiyo iliwaacha watu milioni 6 wa Quebec gizani kwa kiasi cha saa 9.

Kuhusu ubishi wenyewe, mwaka 1966 zilitangazwa habari za setilaiti ya jeshi la majini la Marekani. Ikiwa kilomita 1,100 juu, ilikuta sumaku imevurugika kila ilipopita karibu na ncha. Mwaka uliofuata wataalamu walieleza kuwa ni umeme unaofuata mistari ya sumaku, kama alivyosema mzee yule. Sasa inaitwa mikondo ya Birkeland. Chapman alikuwa yungali hai. Alifariki mwaka 1970.