Nusu Sekunde ya Kipanya

Kipanya alichokionyesha Douglas Engelbart mjini San Francisco tarehe 9 Desemba 1968 kilikuwa na vitufe vitatu. Kompyuta ya Alto, iliyoundwa katika maabara ya Xerox PARC mwaka 1973, nayo ilitumia vitatu, na kila mtumiaji alipaswa kukariri kazi ya kila kimoja.

Katikati ya miaka ya 1970, hapohapo PARC, Larry Tesler na Tim Mott walitengeneza Gypsy, programu ya kuhariri maandishi, kwa ajili ya wahariri wa vitabu wa kampuni ya Ginn. Wahariri hao walizoea kalamu na karatasi. Kwao njia ikarahisishwa: bofya haraka mara mbili, neno zima linachaguliwa. Apple ilipotoa Lisa mwaka 1983 na Macintosh mwaka 1984, kipanya kilibaki na kitufe kimoja tu. Kazi ya vitufe vilivyoondolewa ikaangukia saa.

Mimi hufundisha vijana kuandika programu, na hapa ndipo huwataka watulie. Kompyuta haisomi nia ya mtu. Inachojua ni kwamba kitufe kimebonyezwa au kimeachiwa, na ni wakati gani. Macintosh ilihesabu wakati kwa vipande 60 katika kila sekunde. Programu ilitunza wakati kitufe kilipoachiwa. Kilipobonyezwa tena, ikatafuta tofauti. Ikiwa tofauti haikuvuka kikomo, na kipanya hakijasogea mbali, hiyo ni mibofyo miwili. Kwenye Windows kikomo cha kawaida ni milisekunde 500.

Wanafunzi wangu hufanya hesabu hiyohiyo kwenye bodi ndogo ya Arduino kwa kutumia kihesabu chake cha milisekunde, millis(). Vyuma vya kitufe hudunda vinapogusana, hata bonyezo moja likasomeka kama kadhaa. Kwa hiyo panahitajika kikomo cha chini pia. Kihesabu chenyewe hurudi sifuri baada ya siku 49 na ushee, ndiyo maana nasisitiza watoe wakati wa awali katika wakati wa sasa, wasijumlishe kikomo kwenye wakati wa awali.

Lakini kinachonigusa zaidi ni kile kikomo cha juu. Nusu sekunde humtosha kijana, ikampita bibi mwenye vidole vilivyokakamaa. Macintosh na Windows zilimruhusu mtumiaji aubadilishe muda huo. Kwa hiyo mwanafunzi anayeifungia 500 ndani ya programu yake hapati kwangu alama zote. Mwenye mkono ndiye anayestahili kupanga muda wake.